Kitana na Nukta Moja

Siku walipokutana, waligombania kitu kibovu.

Ilikuwa Jumamosi, katika jengo la maduka ya kompyuta, pale ambapo ghorofa nzima ni vibanda vya vioo vilivyobanana, na kila muuzaji anakuita "bosi" hata kama mfukoni huna kitu. Spika za vibanda vitatu zilikuwa zinapiga nyimbo tatu, na aliyetaka kuuliza bei ilimbidi apige kelele. Msichana mmoja aliyevaa gauni la bluu, vifungo vyake vyeupe vimefungwa vyote mpaka shingoni, alinyoosha mkono kuchukua kibodi iliyoegeshwa kwenye kioo. Wakati huohuo mkono mwingine, wa kiume, ukaishika upande wa pili.

"Samahani dada, hii nilishaiona."

"Kuona si kununua, kaka."

Muuzaji akacheka. "Msigombane, wateja wangu. Imebaki hiyo moja, na yenyewe ni mgonjwa. Kitufe cha nafasi kinakwama."

"Hainisumbui," akasema yule mwanamume.

"Kitufe cha nafasi hakikusumbui?" msichana akamgeukia. "Utaandikaje? Maneno yako yatashikana kama ya mtu anayesimulia huku anakimbizwa na mbwa."

"Mimi naandika programu, dada. Mistari yangu naisogeza kwa Tab. Unabonyeza mara moja, umefika."

Msichana aliiachia kibodi kana kwamba imemuunguza. "Kumbe wewe ni mtu wa Tab!"

"Na wewe?"

"Nafasi. Nne kila hatua. Kama watu waliostaarabika."

Msomaji asiye wa kazi hiyo asidhani kwamba walikuwa wanataniana tu. Programu ya kompyuta huandikwa mstari chini ya mstari, na mstari ulio ndani ya mwingine husogezwa kidogo kulia, ili jicho lijue nani mama na nani mtoto. Wapo wanaosogeza kwa kitufe cha Tab, wapo wanaosogeza kwa kitufe cha nafasi, na pande hizo mbili zimekuwa zikisutana tangu zamani kama mawifi.

Mwanamume alilipa akaondoka na kibodi yake kwapani. Msichana alimtazama kwa nyuma. Shati lake la mistari lilikuwa limepigwa pasi mbele tu. Mgongoni lilijikunja kama karatasi iliyookotwa jalalani. "Mtu wa nusu kazi," alijisemea. Hata hivyo alimsindikiza kwa macho mpaka alipomezwa na umati.

Jumatatu msichana huyo alianza kazi mpya, katika kampuni ndogo iliyotengeneza programu ya kuchapa lebo za dawa hospitalini: jina la mgonjwa, kipimo, na namna ya kumeza. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kirefu, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani na waya uliobandikwa sakafuni kwa gundi ili watu wasijikwae. Bosi alikuwa mama wa maneno machache, ambaye kila mara alikuwa akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. Mtunza mitambo aliitwa Babu Seva, si kwa uzee bali kwa upara. Na kutoka kona ya mwisho, palepale alipoonyeshwa kiti chake, ilisikika sauti ya kitufe kinachokwama: ka-tak, ka-tak.

"Karibu, mtu wa nafasi," mwenye kibodi akasema bila kugeuka.

Msichana akavuta kiti chake. "Ahsante, mtu wa pasi moja."

Pale ofisini huyo mwanamume aliitwa Ngazi, kwa sababu mistari yake ilishuka kwa vidato ambavyo yeye peke yake aliweza kuvipanda. Msichana naye hakumaliza wiki kabla ya kubatizwa Nadhifu, kwa jinsi meza yake ilivyong'aa.

Walianza kwa kusutana, wakaendelea kwa kugawana chai, na kilichofuata hata Babu Seva alikiona kabla yao. Siku moja Nadhifu alikuta juu ya meza yake ile kibodi, imefutwa vumbi, na kitufe cha nafasi kinashuka na kupanda laini kama pumzi ya mtoto aliyelala.

"Nimeitibu," Ngazi akasema. "Sasa inawafaa waliostaarabika."

"Yaani zawadi yangu ya kwanza ni kitu kibovu?"

"Zawadi yako ya kwanza ni kitu nilichohangaika nacho."

Tangu hapo simu hazikukatika. Ngazi alikuwa na mzaha wake. Katika kazi yao kuna dirisha jeusi ambamo mtu huandika amri, na katika dirisha hilo daima unakuwa umesimama mahali, ndani ya folda fulani, kama mtu alivyo ndani ya chumba fulani cha nyumba. Mashine hukutii kulingana na pale uliposimama. Kwa hiyo Ngazi hakumwuliza mpenzi wake "uko wapi?" kama watu wengine. Aliuliza, "Umesimama wapi?"

"Nimesimama jikoni, kipenzi, nachemsha maji."

"Hakikisha kwanza kabla hujawasha chochote."

"Mchokozi wewe! Haya lala."

Wakati huo Bosi alimpa Nadhifu kazi aliyoipenda. Wakaguzi walikuwa wanakuja kuisoma programu, nayo ilikuwa imeandikwa na mikono mingi, kila mmoja kwa mtindo wake. Nadhifu alileta chombo cha kuipanga, ofisini wakakiita Kitana. Unafungua dirisha jeusi, unaandika neno lake, unakionyesha folda, na kabla hujapepesa jicho kimechana kila mstari: nafasi, mabano, mikato, vyote vinakaa sawa. Maana ya programu haibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni sura.

Ngazi hakukipenda. "Nikisoma kazi yangu najiona mwenyewe. Hicho kitana chako kitanipa sura ya kila mtu."

"Sura yako nitaiangalia hapa mezani, mpenzi. Programu ni ya wote."

Walikuwa bado wanavutana hivyo, nusu mzaha nusu kweli, mama yake Ngazi alipoanguka bafuni akavunjika nyonga. Alilazwa mji mwingine, na Ngazi ndiye mwanawe wa pekee.

Bosi alimruhusu aende, ila kwa sharti. Ngazi ndiye aliyekuwa anaandika sehemu mpya ya lebo, na hospitali iliyoiagiza ilitaka ikabidhiwe Ijumaa ya wiki iliyofuata. "Andikia hukohuko," Bosi alisema. "Ijumaa hiyo isipokuwepo, kazi nitampa mwingine. Na kiti pia. Sitanii." Ngazi akakubali.

Asubuhi ya kuondoka alimvuta Nadhifu kando ya mlango. "Jambo moja tu. Folda mpya zichane upendavyo. Za zamani usiziguse mpaka nirudi. Nitakuwa nafanya kazi humohumo, na wodini mtandao ni wa kubahatisha. Nikirudi nikakuta kila mstari umebadilika sura, yangu na yenu hazitaungana. Mashine itaona kila mstari ni ugomvi."

"Naahidi."

"Sema vizuri."

"Naahidi, laazizi wangu. Sitagusa hata mkato."

Alisema kwa moyo wake wote.

Jumatano mchana Nadhifu alikuwa mbele ya dirisha jeusi, tayari kuzichana folda mpya, wakati simu ilipolia.

"Umesimama wapi?" Leo sauti ya Ngazi haikuwa na mzaha.

"Kazini, kipenzi. Kuna nini? Mama?"

"Wanamwingiza chumba cha upasuaji kesho. Nadhifu, naogopa."

Aliibana simu kwa bega ili amsikilize vizuri, na vidole, kwa mazoea, vikaendelea na kazi yao. Viliandika *kitana*. Vikabonyeza nafasi. Vikaweka nukta.

Nukta hiyo, katika dirisha jeusi, maana yake ni: hapa niliposimama, na vyote vilivyo chini yake. Nadhifu aliamini amesimama katika folda mpya. Kumbe asubuhi alikuwa amepanda juu kutazama kitu, na hakushuka tena. Hakuwa chumbani, alikuwa amesimama kwenye mlango mkuu wa nyumba nzima. Mashine ilijibu kwa orodha ndefu iliyoteremka kama mvua. Hakuisoma. Alikuwa anasema, "Usiogope, mpenzi wangu, mama ni shupavu," huku mkono ukiituma kazi kwenye hifadhi ya wote.

Kesho yake Babu Seva alimpokea kwa vigelegele vya kiume. "Hongera bibie! Umefagia nyumba nzima!"

"Nyumba gani?"

"Yote! Mpaka faili za mwaka wa kwanza. Bosi amefurahi hana mfano, keshawapelekea wakaguzi nakala. Mimi mwenyewe tangu jana jioni najenga juu yake."

Nadhifu alikaa, akafungua, akatazama. Faili za Ngazi, zile zenye vidato vyake, zilikuwa zimenyooka kama askari gwarideni, na juu ya kila moja jina la aliyebadilisha: yeye.

"Rudisha," akasema. "Babu, rudisha kama ilivyokuwa."

"Nirudishe kazi yangu na ya Bosi? Na ile nakala ya wakaguzi utaikimbilia kwa miguu? Kwani kuna nini?"

"Hakuna," alisema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la uongo, na halikuwa la mwisho.

Simu ililia kabla ya chai. "Mama ameingia sasa hivi," Ngazi alisema. "Niambie chochote. Niambie hata upuuzi."

Ungemwambia nini mtu ambaye mama yake yuko chini ya kisu? Nadhifu alimweleza jinsi Bosi alivyotafuta miwani mpaka kwenye friji. Alicheka peke yake, na kicheko chake mwenyewe kilimtisha.

Ijumaa mama alikuwa ametoka salama. "Nimepiga hatua kubwa," Ngazi alisema, sauti imechoka lakini ina furaha. "Naandika kando ya kitanda chake. Nikifika mwisho naunganisha na yenu, mara moja, basi."

"Ngazi, kuna jambo..."

"Subiri, muuguzi ananiita. Nakupenda, sawa?"

Akakata. Nadhifu alibaki ameishika simu kama mtu aliyeshika yai la moto, hawezi kulitupa, hawezi kulishika. Jumamosi alijiambia atasema. Ngazi akampa mama azungumze naye. Jumapili mama alikuwa na maumivu, akaomba yule binti wa simu amwimbie kitu. Nadhifu aliimba, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na Ngazi kwa pembeni anasema, "Sikia hiyo sauti, mama! Si nilikwambia?" Kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu kuliko jana yake. Chakula hakikupita. Simu ikilia anaogopa. Isipolia anaogopa zaidi.

Jumanne Ngazi alipata mtandao katika kantini ya hospitali. Akaivuta kazi ya wenzake ili ajaribu kuiunganisha na yake, na kompyuta ikageuka nyekundu kutoka juu mpaka chini.

Alimpigia Nadhifu, na safari hii hakuuliza amesimama wapi.

"Faili zangu zote," alisema. "Kila mstari. Jina lako, siku ya Jumatano."

"Ngazi, nisikilize..."

"Jumatano nilikuwa naongea na wewe!"

"Ndiyo. Nilikuwa naongea na wewe, sikuangalia niliposimama. Nukta ile..."

"Sijauliza habari ya nukta. Alhamisi tukaongea. Ijumaa tukaongea. Jumapili umemwimbia mama yangu. Siku zote hizo ulikuwa unajua?"

Nadhifu aliisogeza kando ile kibodi aliyozawadiwa.

"Nadhifu. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kosa ningelicheka," Ngazi akasema polepole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Wallahi ningelicheka. Lakini uliniacha nijenge juu ya shimo, huku unaniita kipenzi." Simu ikakatika.

Alipiga, haikupokelewa. Alituma ujumbe, haukusomwa. Usoni alijipaka poda kuficha macho, na Babu Seva, aliyekuwa sasa ameelewa, alimletea chai bila neno.

Usipoweza kulia zaidi, akili hurudi yenyewe. Jumatano alasiri Nadhifu alikaa akilitazama tatizo kama anavyolitazama mtu wa kazi, si kama mpenzi. Kwa nini kazi mbili zinagombana? Si kwa maana. Maana ya mistari mingi haikubadilika. Zinagombana kwa sura tu: yake imechanwa, ya Ngazi haijachanwa. Basi ukichukua kazi ya Ngazi, ukaipitisha katika kitana kilekile, kwa kipimo kilekile, halafu ndipo ukaziunganisha... Ngazi kabla ya kuondoka alikuwa amemwachia nakala ya mwanzo wa kazi yake. Aliijaribu njia hiyo juu ya nakala hiyo. Wekundu ukayeyuka kama chumvi ndani ya maji.

Alimpigia. Haikupokelewa. Na Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Alhamisi asubuhi mapema alisimama mbele ya meza ya Bosi. "Madam, Kitana nilikipitisha mahali pasipo pake. Ngazi alinikataza. Akichelewa, aliyemchelewesha ni mimi. Naomba ruhusa nimfuate."

Bosi aliacha kupekua meza akitafuta miwani. "Kikazi au kimoyo?"

"Vyote, Madam."

"Chukua kompyuta ya ofisi. Yako betri yake ni ahadi tupu." Akashusha miwani kutoka kichwani kana kwamba daima alijua iko hapo. "Ila Ijumaa inabaki Ijumaa. Hilo sikusamehe."

Njia nzima hadi mji ule Nadhifu aliipakata kompyuta kama mtoto mgonjwa. Wodini palinuka dawa ya kusafishia sakafu na maua yaliyoanza kuchoka. Alikuwa amevaa lile gauni la bluu, na kwa haraka alikuwa amevifunga vifungo vyeupe kombo, kimoja juu ya mwenzake, wala hakujua. Kwenye kitanda cha karibu na dirisha alikuwepo mama mnene, mguu umenyooshwa, macho makali kama ya karani wa forodha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama akageuza shingo. "Hiyo sauti naijua. Wewe ndiye wa simu! Mbona sauti nyembamba, nikategemea mtu mwembamba. Njoo ukae, mwanangu. Huyo wako yuko kantini, amenuna. Tangu juzi ananuna, mpaka wauguzi wanampa pole wakidhani nimekufa."

Nadhifu alicheka na kulia kwa pamoja. Kabla hajafuta uso, Ngazi akaingia na chupa ya chai mkononi. Shati lake leo halikupigwa pasi hata mbele. Alisimama alipomwona.

"Umefuata nini?"

"Wewe. Na kazi yako."

"Wa kwanza umemchelewa. Ya pili umeiharibu."

"We mtoto!" mama akafoka. "Mgeni huyo! Nendeni mkazozane kwenye korido, hapa kuna wagonjwa wa kweli."

Koridoni vitanda vya magurudumu vilipita, wakawa wanabanwa ukutani kila mara, uso kwa uso, watake wasitake.

"Sikuja kujitetea," Nadhifu alisema. "Alhamisi nilinyamaza kwa sababu mama alikuwa chumba cha upasuaji. Hiyo naweza kuieleza. Lakini Ijumaa nilinyamaza kwa kuwa nilinyamaza Alhamisi, na Jumapili kwa kuwa nilinyamaza Ijumaa. Woga ulinizalia woga. Niliogopa nikisema utaondoka. Sasa umeondoka, na bado nimekosa kusema mwenyewe. Hilo ndilo linaniuma."

Ngazi alitazama chupa ya chai. "Na kazi?"

Alimweleza. Kwa haraka, kabla kitanda kingine hakijapita: kuchana kwanza, kuunganisha baadaye. Alimwona akielewa, maana macho ya mtu wa kazi hayafichi. Kisha akamwona anakataa.

"Hapana. Hii niliandika mama akiugulia. Kila mstari najua alikuwa analalamika nini. Unataka nayo niipitishe mashine, ifanane na ya kila mtu?"

"Maana haitaguswa, Ngazi. Ni nywele tu."

"Na jedwali langu la vipimo? Nimelipanga safu kwa safu. Jicho langu likiteleza pale, mtu anapewa dawa mara mbili."

"Kuna alama. Unaiandika juu ya sehemu yako, kwamba hapa pasiguswe, na Kitana kinapita kando. Jedwali litabaki kama ulivyoliacha."

"Ulilijua hilo tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Nilitaka nikuambie, ukanuna kabla sijafika hapo."

Mdomo wa Ngazi ulitaka kucheka, akauzuia. "Vifungo vyako vimepanda kombo," akasema, akageuka kuingia wodini.

Walikaa pande mbili za kitanda, kompyuta juu ya meza ya chakula ya mgonjwa. Ngazi aliweka alama yake juu ya jedwali la vipimo. Kisha akaandika: *kitana*. Nafasi. Nukta. Kidole kikaning'inia juu ya kitufe cha mwisho, hakishuki.

"Uliza kwanza," Nadhifu alinong'ona.

Akaifuta, akaiuliza mashine amesimama wapi. Mashine ikamjibu: mahali penyewe. Akaandika tena, akabonyeza. Mistari yake ya vidato ilinyooka mbele ya macho yake, nayo macho yakamlowa kidogo, akasingizia chai ya moto. Halafu akatoa amri ya kuunganisha.

Wote watatu walishika pumzi, mama pia, ingawa hakujua anaishikia nini.

Wekundu ulibaki mahali pamoja tu. Mstari mmoja. Ngazi akauinamia, akakunja uso. Ulikuwa ni ule mstari wa lebo unaomwambia mgonjwa jinsi ya kumeza. Ngazi, kando ya kitanda, alikuwa ameubadilisha: *Meza baada ya kula.* Nadhifu, wiki hiyohiyo, kwa agizo la Bosi, alikuwa ameubadilisha pia: *Meza ukishakula.* Hapo mashine haikuwa na la kusema. Iliwataka wao wenyewe wachague.

"Yangu ni rasmi zaidi," Ngazi akasema.

"Yangu ni fupi."

"Fupi kama subira yako."

"Na yako ndefu kama kununa kwako."

"Mnabishania nini?" mama akauliza. Wakamsomea. Mama akaguna. "Zote mbovu. Mimi nikisoma 'meza', nimeshameza. Hilo la kula nalikuta kidonge kiko tumboni. Juzi nimetapika kwa ajili hiyo. Andikeni kula kwanza, ndipo mtu ameze."

Walitazamana juu ya mguu wa mama. Kisha Nadhifu akaigeuza kompyuta kwake na kuandika: *Kula kwanza, ndipo umeze.* Wekundu wa mwisho ukazimika. Wakaituma. Haukupita muda, ujumbe wa Bosi ukaingia: "Imefika, na siku bado ipo. Jumatatu nataka kumwona Nadhifu kazini. Ngazi baki na mama."

Nadhifu alifunga kompyuta. Kazi imepona; hakujua kama kuna kingine kilichopona. Akamuaga mama. Ngazi akamsindikiza mpaka mlango wa wodi tu.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Najua."

"Nilitaka ujue."

"Ahsante kwa kuniambia," Nadhifu akajibu, wala hakuwa anatania. "Ukiniambia, naweza kuishi nayo."

Alishuka ngazi za hospitali akiwa na roho mkononi. Uani watu walikuwa wanaanika shuka, magari yanaingia na kutoka, mlinzi anapuliza filimbi. Alikuwa amefika getini na kuanza kufungua vifungo vya kombo ili avipange upya, wakati simu ilipolia.

"Umesimama wapi?"

"Getini. Karibu na mlinzi."

"Usitoke hapo."

Alimwona akija mbio, anakwepa shuka, miguuni amevaa ndara za mama yake za maua mekundu. Mlinzi akaacha kupuliza filimbi ili aone vizuri.

"Nilikuwa nimevua viatu," Ngazi alihema. "Mama amenifukuza. Amesema nikikuacha uende bila neno nisirudi na chai yake. Lakini si mama. Ni mimi." Akamkaribia. "Nadhifu, nataka nyumba moja na wewe. Uipange utakavyo. Nafasi nne kila hatua, sitabisha. Ila uniachie kona moja ya kwangu, isiyoguswa."

"Nitaiwekea alama."

"Na ukikosea, uniambie siku ileile. Hata kama mama yuko chini ya kisu. Hata kama mimi ndiye niko chini ya kisu. Umenielewa?"

"Siku ileile. Na wewe upokee simu."

"Nitapokea." Akamshika mikono yote miwili. "Basi? Utaolewa na mtu wa Tab?"

Watu wawili waliokuwa wanaanika shuka nao waliacha kuanika. Nadhifu akatazama chini, kwenye viatu vyake vyenye vumbi na zile ndara za maua mekundu, kama mtu anayehakikisha kwanza amesimama wapi.

Ndipo akasema ndiyo.